Chipu ya kampuni gani?

Humu chumbani wiki nzima ni ubishi mmoja tu, na safari hii si wa mpira wala bumu. Mimi na mwenzangu, yeye uhandisi, mimi ualimu wa Fizikia na Hisabati, tunatengeneza saa ya kupimia pendulumu. Nitaenda nayo kwenye mazoezi ya kufundisha na nikiondoka nitaiacha hukohuko. Nilikosoma mimi saa ya kupimia ilikuwa moja darasa zima, wengine tulinakili majibu tu. Sasa swali: maikrokontrola ya kampuni gani?

Jamaa anataka STM32 ya STMicroelectronics. Hoja zake nzito: ile F103 inakwenda megahezi 72 na ina kilobaiti 20 za kumbukumbu. ATmega328P ninayoitaka mimi, ile ya kwenye Arduino Uno, inakwenda megahezi 16 na ina kilobaiti 2 tu. Kwenye karatasi nimepigwa.

Lakini jamani, tunapima nini? Pendulumu yenye uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Ndani ya muda huo chipu ya megahezi 16 imeshapiga mapigo milioni 32. Kasi zaidi ya nini, tunarusha roketi?

Mimi naangalia siku itakapoungua. Mwanafunzi atageuza nyaya za betri, hilo halina ubishi. ATmega328P inapatikana yenye miguu 28 ya kuchomeka kwenye soketi. Mwalimu anaing'oa taratibu kwa bisibisi, anaweka ya akiba niliyoipakia programu kabisa, kipindi kinaendelea. Ile F103 imebandikwa juu ya bodi kwa vijiguu vidogo mno. Jamaa anasema si ibadilishwe bodi nzima? Sawa, ila bodi zake za bei poa mara nyingi huwa na chipu za kuiga. Mwalimu aliye peke yake huko atajuaje?

Akanijia na jingine: Atmel walioibuni chipu yangu walinunuliwa na Microchip mwaka 2016. Kweli, lakini Microchip wameendelea kuitengeneza. Jina la mwenye kiwanda limebadilika, miguu ni ileile 28.

Basi, bumu likitoka tunanunua ATmega tatu: moja kazini, mbili za akiba. Jamaa kanuna kidogo, ila programu anaandika yeye.

Haya, kesho semina saa moja asubuhi. Usiku mwema!