Bustani ya Forodhani Katika Miaka Kumi

Kila mji una pahala pake pa kupungia upepo, na katika mji wa Unguja pahala hapo ni Forodhani. Msafiri ashukaye chomboni Malindi, akaifuata njia ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wake wa kulia, hupita mbele ya jumba la Beit al-Sahel, kisha Beit al-Ajaib, na kabla hajaipita Ngome Kongwe hujikuta yumo bustanini. Jina lenyewe lajieleza: hapo ndipo ilipokuwa forodha ya zamani, mali zikipimwa na kutozwa ushuru, kabla ya shughuli hizo kuhamia Malindi. Mwaka 1936, Seyyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake, pakafanywa bustani ya watu wote, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Walakini watu hawakuliacha jina lao la zamani, na mpaka hivi leo ni Forodhani.

Sisi tumekuwa tukienda bustanini hapo na watoto wetu kila Sikukuu, na mara nyingine jioni za kawaida. Basi tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu mambo tuliyoyashuhudia tangu bustani ilipofanywa upya mwaka 2009, kwani katika khabari za bustani hii yamo mazingatio kwa kila mwenye nyumba na kila kijana.

Waliokuwa wakienda kabla ya hapo wanakumbuka hali yake. Ukuta wa pwani ulikuwa ukiliwa na mawimbi, maji ya mvua hayana pa kwendea, taka zimezagaa, na kiza kikiingia mtu humtambua muuzaji kwa mwanga wa taa yake tu. Mwaka 2008 ilianza kazi ya kuitengeneza upya, ikisimamiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan kwa kuafikiana na Serikali, na mwezi wa Julai 2009 ikafunguliwa. Ukuta ulijengwa tena, mifereji ikachimbwa, njia zikatandikwa mawe, taa zikawekwa, watoto wakapata pa kuchezea, na wauza vyakula wakapangiwa pahala pao maalumu. Jioni ya mwanzo tuliyokwenda, watoto wetu walikimbia huku na huku mpaka viatu wakavisahau. Sisi tulimshukuru Mola, tukadhani taabu zimekwisha.

Tulikuwa pamoja na bibi yetu mzaa mama, ambaye alikuwa akija hapo tangu ujana wake na mkeka wake kwapani na kikapu cha samaki wa kukaanga na mikate. Alitizama mawe yale mapya, akatizama majani yaliyopandwa, kisha akasema: "Wajukuu zangu, bustani imependeza sana. Lakini sijui nitandike wapi mkeka wangu." Sisi tukacheka, tukamtafutia benchi. Hatukujua siku ile kuwa amesema jambo kubwa.

Furaha ile haikudumu muda mrefu bila ya mtihani. Mwezi wa Disemba 2009 waya uletao umeme kutoka Bara ukaharibika, na kisiwa kizima kikakaa kizani kwa muda wa miezi mitatu hivi, mpaka Machi 2010. Taa mpya za Forodhani zilisimama kama milingoti isiyo na tanga. Hata hivyo wauzaji walirejea na kandili zao, makaa ya mishkaki yakatoa nuru yake, na watu wakaja, kwani majumbani kulikuwa na joto na kiza zaidi. Tulijifunza hapo kwamba taa huipamba bustani tu, ama roho yake ni watu. Mwaka 2013 ndipo waya mpya mkubwa wa chini ya bahari ulipozinduliwa.

Baada ya hapo wageni wakaongezeka. Mwaka 2009 watalii waliofika Zanzibar hawakutimia laki moja na nusu. Mwaka 2019 walizidi laki tano. Na ni nani miongoni mwao asiyepelekwa Forodhani? Riziki ikafunguka. Vijana waliokuwa hawana kazi wakawa wapishi wa ile iitwayo pizza ya Zanzibar, wengine wakawa wakamuaji wa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na wale wanaojitosa baharini kutoka ukutani, wanaoitwa makachu, wakapata watazamaji wa kila taifa. Sisi hatuoni ubaya katika riziki ya halali, wala hatumhusudu aliyefunguliwa mlango wake.

Lakini jioni moja mtoto wetu alitaka pweza, tukauliza bei. Muuzaji, akiwa ameinama juu ya makaa, akatutajia bei ambayo kwetu ni chakula cha nyumba nzima kwa siku. Tulipomjibu kwa Kiunguja chetu aliinua uso, akaona haya, akasema, "Samahani, mzee, nilidhani ni wageni," akatupunguzia zaidi ya nusu. Tulikula, lakini tulirudi nyumbani tukiwa na mawazo. Kwanza, je, mgeni si mja wa Mwenyezi Mungu hata akauziwa kwa mizani nyingine? Biashara ya Muislamu ni moja kwa kila mnunuzi, na anayeijua bei ya haki huitaja kwa Mzungu kama aitajavyo kwa jirani yake. Pili, ni mafakiri wangapi wa mji huu walioisikia bei ya mwanzo wakaona haya kusema neno, wakawashika watoto wao mikono wakaondoka?

Ndipo tulipoyakumbuka maneno ya bibi. Hakuwa akilalamikia mawe. Alikuwa akiuliza kama mtu asiyenunua kitu bado ana pahala pa kukaa.

Mwaka 2016 ukaja mtihani mwingine, nao ni kipindupindu. Skuli zilifungwa, na uuzaji wa vyakula vya wazi ukapigwa marufuku. Wengi walinung'unika, na ni kweli kwamba wauzaji wengi walipata dhiki. Lakini tujihukumu wenyewe: tumefundishwa tangu chuoni kuwa usafi unakwenda pamoja na imani, na kuwa kuondoa udhia njiani ni jambo la thawabu. Jee, vijiti vya mishkaki na chupa tupu zilizokuwa zikitupwa ukutani kila usiku, zilitupwa na wageni peke yao? La. Tulikuwemo sisi, na watoto wetu wakitutizama. Tangu mwaka huo sisi huchukua mfuko wetu wa taka kutoka nyumbani, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa kazi ya kuubeba, naye huiona ni cheo.

Kisha ukafika mwaka 2020. Mwezi wa Machi ndege za wageni zilikoma kwa ajili ya maradhi ya korona, na bustani ikawa tupu kwa namna ambayo hatujapata kuiona. Wapishi walikaa mikono mitupu. Baadaye, watu walipoanza kutoka, tulimchukua bibi yetu, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kudhoofika. Alikwenda moja kwa moja karibu na ukuta, akatandika mkeka wake, akafungua kikapu. Muuzaji mmoja aliyekuwa hajauza kitu alipita akamwamkia, "Shikamoo bibi." Akamwitikia, akamkatia mkate na samaki, akamwambia, "Kaa mwanangu, ule." Yule kijana akakaa. Ilipoadhiniwa Magharibi, wanaume tukaelekea msikitini naye akiwa pamoja nasi, na bibi akasali pale pale juu ya mkeka wake. Mkeka, basi, ulikuwa na pahala siku zote; sisi ndio tuliokuwa tumeona haya kuubeba.

Mwisho wa mwaka huo huo, siku ya Ijumaa tarehe 25 Disemba, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, nayo ilikuwa katika kutengenezwa. Watu wawili walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba hilo lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 lilikuwa likiitizama Forodhani tangu enzi za forodha. Ikiwa kuta nene kama zile huanguka, basi desturi njema zisizotunzwa zitaanguka upesi zaidi, wala mshindo wake hausikiki.

Enyi vijana, mnapokwenda Forodhani, nendeni na wazee wenu, nunueni kwa kadiri ya uwezo wenu, na asiyekuwa na kitu asione haya kwenda na kikapu chake. Wakati wa sala msiupoteze, na pahala mlipokaa paacheni pasafi kuliko mlivyopakuta. Bustani ya watu wote hubaki ya watu wote maadamu watu wote wanakwenda kukaa humo kwa adabu.

Mwenyezi Mungu auhifadhi mji wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.