Nilimwambia Anionyeshe Sheria

Jirani yangu alikuja kwangu kwa adabu kuniomba nilisogeze banda la kuku, nami nikamwambia anionyeshe sheria inayonikataza. Hilo ndilo ninaloliungama. Banda nalo lilikuwa kosa, na nitalieleza, lakini kosa la banda hurekebishwa kwa msumeno na misumari. Jibu lile nililitoa nikiwa na akili zangu timamu, nikijua ninalosema na nikijua ninamwambia nani.

Nijitambulishe kwanza, maana uzito wa jambo uko hapo. Nilikuwa bwana afya mjini mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa kuingia katika nyua za watu nikikagua vyoo, mashimo ya taka, vibanda vya mama lishe na mabanda ya mifugo. Niliwahi kumwandikia mjane ilani ya kubomoa banda lake la kuku kwa sababu liligusa ukuta wa jirani, nikampa muda mfupi, na ulipokwisha nikarudi kuhakikisha limebomolewa. Kanuni za kilimo mijini za 1992, zilizosema mfugaji asizidishe ng'ombe wanne na awafuge ndani, nilikuwa nazo kichwani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyerudi kwao pande za Mkwaja akiamini kwamba sheria ameziacha mjini. Kitongoji changu sitakitaja, kwa heshima ya huyo jirani.

Asiyepajua Mkwaja apate picha. Tuko kusini mwa wilaya ya Pangani, mashariki yetu bahari, na upande wa pili Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe huku bara yetu, mali ya kampuni ya mkonge ya Amboni, iliyoanza miaka ya 1950. Mbung'o waliwasumbua wale ng'ombe miaka yote, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi yake ikaingizwa katika hifadhi, ambayo ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Kwa hiyo ng'ombe kwetu ni mzigo, na ardhi ya kupanuka hakuna. Mnyama wa kila mji ni kuku. Anaokota ukoko uani, analala mvunguni au juu ya mwembe, na mgeni akija ndiye kitoweo.

Mimi sikutaka kuku wa kuokota ukoko. Nilikuwa na kiinua mgongo mkononi na hesabu kichwani: chotara mia tatu, majogoo wauzwe mapema, mitetea ibaki kutaga, trei za mayai ziende Pangani mjini. Nikaanza kupima mahali pa kujenga, na hapo niseme ukweli kwamba nilikuwa mwangalifu sana kwa yale niliyoyaogopa. Ufukweni sikukaribia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na hizo mita nilizipima kwa kamba. Upande wa hifadhi nao nilihakikisha niko mbali na mpaka, kwa kuwa kila mtu huku anajua mgogoro wa mpaka wa hifadhi unavyoweza kumchosha mtu. Nikaona nimemaliza. Nilikuwa nimepima bahari na nimepima mbuga, na ua wa makuti kati yangu na jirani sikuupima.

Banda nikalijenga Januari, upande wa magharibi wa kiwanja: nguzo za mivinje, mabanzi ya mnazi hadi kiunoni, wavu juu yake, paa la makuti. Kaskazi ilikuwa ikivuma. Ukisimama hapo ukiitazama bahari wakati wa kaskazi, upepo unatoka kushoto na kuisukuma harufu kwenda kusini-magharibi, kwenye vichaka ambako hakai mtu. Nyumba yangu iko mashariki, ubavuni mwa bahari, na pua yangu haikupata habari yoyote. Mtu aliyezaliwa pwani, aliyekua akisikia wazee wakipanga safari za majahazi kwa kaskazi na kusi, alijenga banda kana kwamba mwaka mzima ni Januari.

Kusi ilipoingia, masika nayo ikafika. Pumba za mpunga nilizotandika chini zikalowa kwa matone ya paa na kwa maji yaliyomwagwa na kuku wenyewe. Kinyesi cha kuku kikiwa kikavu kinavumilika. Kikilowa, vijidudu vinakigeuza kuwa amonia, ile harufu inayowasha macho na kukaba koo. Nzi nao katika joto la huku wanahitaji kama wiki moja tu kutoka yai hadi mdudu kamili anayeruka. Hayo nilikuwa nimewafundisha watu kwa miaka. Kusi ikavichukua vyote, harufu na nzi, ikavipeleka kaskazini-magharibi, moja kwa moja kwenye baraza ya jirani yangu.

Barazani pale kuna chuo. Jirani yangu huyo ni bi mkubwa ambaye amewasomesha watoto wa kitongoji Kurani tangu mimi sijaoa. Wanakaa juu ya majamvi, vibao na juzuu mbele yao, mchana baada ya kutoka shule.

Alikuja alasiri moja, akabisha hodi, nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza hali ya kuku na akawaombea heri. Ndipo akasema, "Mwanangu, upepo umegeuka. Watoto mkono mmoja uko kwenye juzuu, mwingine unafukuza nzi. Wawili wamepata macho mekundu. Nimekuja nikuombe, ukiweza, ulisogeze lile banda kidogo."

Nikamwambia, "Bi mkubwa, niko ndani ya kiwanja changu. Nionyeshe sheria inayonikataza."

Akanitazama. "Sheria? Mimi nimekuja kwako, mwanangu. Sikwenda ofisini." Akaaga, akaondoka.

Niliijua sheria. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamgusa mfugaji wa kijijini sawasawa na wa mjini: ukifuga kwa namna inayoleta kero au kuhatarisha afya ya wengine, una kosa. Nilikuwa nimeitumia sheria hiyo kuwaandikia watu ilani. Jirani yangu hakuwa na namna ya kuijua, wala kusoma maandishi ya kiserikali hajasomeshwa, na nilimtaka aitaje kwa sababu nilijua hataweza. Nikitafuta jina la kitendo hicho napata moja tu: dhuluma.

Usiku huo sikulala vizuri, lakini badala ya kulihamisha banda nilikwenda kutafuta kinga. Kwanza nilipekua simuni. Nikasoma kwamba mji wa Seattle, Marekani, tangu 2010 unaruhusu kuku wanane kwa kiwanja na unakataza jogoo kabisa. Nikajiambia: unaona, wenzetu wanahesabu kuku kwa maandishi, sisi hatujahesabu, kwa hiyo niko huru. Kisha nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Hapa naomba msomaji anayefikiria kufuga asome polepole. Nilimuuliza, "Mtendaji, kijiji chetu kina katazo la kufuga kuku?" Akashangaa: "Kuku? Nani asiye na kuku hapa?" Nikashukuru nikaondoka. Sikumwambia kuku wangapi. Sikumwambia wako wapi, wala kwamba kuna watoto na macho mekundu. Swali lilikuwa la kweli na jibu lilikuwa la kweli, na nilitoka mle ofisini nimejidanganya kwa ukweli mtupu.

Aliyenifumbua macho ni afisa mifugo wa kata, alipokuja kwa chanjo ya mdondo. Chanjo yenyewe ni ile ya I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tulikuwa ndani ya banda, mimi nawakamata, yeye anadondosha, sote machozi yanatutoka kwa ile amonia. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mzee, eneo hili nani alikuonyesha?" Nikasema ni langu. Akasema, "Lako sawa. Ulitazama mpango wa matumizi ya ardhi? Huku wanasema ni makazi."

Nilirudi kwa mtendaji, safari hii nikiomba jalada. Utaratibu wake niuseme kwa ufupi, kwa sababu wengi tunadhani kijiji ni pori la kisheria. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, kijiji kinaweza kupanga wapi pawe makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi msitu, na mpango huo unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Sheria ndogo nazo, kwa Sheria Na. 7 ya 1982, hutungwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa mkutano mkuu, kisha halmashauri ya wilaya huziidhinisha. Hakuna anayezileta mlangoni kwako. Zimo ofisini, na ukiomba unaonyeshwa: ramani, sheria ndogo, na mihtasari ya mikutano. Mjini milango ni mingine: serikali ya mtaa, mipango miji, na bwana afya, yaani watu kama mimi.

Ramani ilikuwa imekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Kiwanja changu kilikuwa ndani ya rangi ya makazi. Muhtasari ulieleza makubaliano ya mkutano: kuku wa nyumbani ni ruhusa, mabanda ya biashara yatoke kati ya nyumba za watu. Lugha nyepesi, mistari michache. Nikafunua karatasi ya mahudhurio. Katikati ya saini kulikuwa na madole gumba ya wino wa bluu, na mbele ya mojawapo, jina la jirani yangu.

Sheria niliyomtaka anionyeshe alikuwemo miongoni mwa walioipitisha. Mimi wakati huo nilikuwa mjini nikibomoa mabanda ya wengine.

Nilikwenda kwake jioni hiyo hiyo. Nilimwomba radhi barazani, mbele ya wanafunzi wake, kwa sababu nilihofu kwamba nikimwomba faraghani nitakuwa nimejihurumia tena. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba sheria ipo na yeye anaijua. Akasema, "Ningekutaja ofisini, asubuhi tungeamkianaje?"

Angeweza kunishtaki. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kuna baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu wao wanawake, kazi yake kusuluhisha. Angesikilizwa na angeshinda. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwanamke mwenye haki mkononi alichagua kuja kuomba, akampa mkosaji nafasi ya kujirekebisha bila aibu. Aliyezoea kuandika ilani hakuielewa heshima hiyo ilipomfikia yeye.

Banda nililivunja wiki hiyo na kulipeleka shamba la minazi, mbali na nyumba, baada ya kupita na mwenyekiti wa kitongoji na watu wa kamati ya matumizi ya ardhi, tukasimama pale na kuulizana kila upepo unakwenda wapi. Kuku waliposhtuliwa na uhamisho waligoma kutaga. Shambani kuna kicheche, na mwewe, na kunguru wanaobeba vifaranga mchana kweupe, kwa hiyo nimelazimika kununua wavu mzito na kumlipa kijana wa kulala huko. Faida niliyoipigia hesabu imekatika karibu nusu. Gharama hiyo naistahili na siilalamikii.

Ninacholalamikia moyoni ni kingine. Wakati wa ile kusi, wazazi wa watoto wawili wenye macho mekundu waliwahamishia watoto wao chuo cha mbali zaidi. Macho yalipona. Harufu imekwisha, nzi wamepungua, lakini watoto hawajarudishwa, na kitongojini kumebaki maneno kwamba kwa bi mkubwa ni pachafu. Uchafu ule ulikuwa wangu. Yeye hajawahi kulitaja jina langu kwa mtu yeyote kuusafisha usemi huo.

Kwa hiyo nimeomba nafasi katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Mtendaji aliniuliza aandike nini, nikamwambia aandike kwamba nina maelezo kuhusu banda la kuku na chuo cha jirani. Wazazi wale wawili nimekwenda kuwaalika mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mmoja amesema atakuja. Mwingine hajanijibu, na nitarudi kwake tena kabla ya siku ya mkutano. Yule mjane wa mjini nimeanza kumuulizia kwa wenzangu wa kazi wa zamani. Mtaa ninaukumbuka.