Kutoka Themi hadi KCMC: barua kwa dada anayekuja kushika zamu

Themi, Arusha

Dada yangu mpendwa,

 Kitindamimba wa kaka leo ameamka akidai uji wa ulezi, jambo ambalo wiki iliyopita hatukuliona. Uliposema kwenye simu kwamba unakuja kushika zamu, wifi alilia, halafu akaanza kupanga utalala wapi. Uliniomba nisikufiche kitu. Basi nimeketi barazani kwa kaka, watoto wamelala, nakuandikia ilivyo safari ya kumpeleka mtoto hospitali ya KCMC, Moshi, kwa dawa zake za saratani, na nyumba ilivyo, ili siku ukifika usiwe mgeni wa kukaribishwa bali mtu wa kushika mtoto.

Tunaondoka alfajiri. Baridi ya huku unaijua, na kukikucha bila mawingu Meru unauona wote juu ya mji. Tunapanda kifodi barabara ya Njiro hadi stendi, kisha Coaster ya Moshi. Noah zina haraka zaidi, lakini mnabanwa, na mtoto ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshushwa na dawa hafai kubanwa na mtu anayekohoa. Kaa naye dirishani, nyuma ya dereva. Barakoa ataikubali ukivaa na wewe. Kwenye mkoba weka chupa ya chai yenye uji, kikombe chake mwenyewe, nguo za kubadilisha, khanga mbili na mifuko ya kutapikia. Daftari la kliniki lisiwekwe juu kwenye mizigo hata konda akusihi vipi, lishike mkononi.

Kutoka hapa hadi Moshi ni kama kilomita 80. Tengeru siku ya soko barabara hujaa, na mtoto atataka kila anachokiona. Mnunulie ndizi mbivu, kwa kuwa unamenya mwenyewe. Matunda yaliyokwisha kukatwa na kupangwa kwenye sahani tumeyaacha, maana tumbo la kuharisha ambalo kwa mwingine lingepita kwa siku mbili, kwake linaweza kumlaza hospitali.

Baada ya Usa River mnafika Maji ya Chai, na hapo ndipo wifi aliponiuliza swali ambalo nadhani hata wewe utaulizwa. Unajua maji ya upande huu wa Meru yana madini mengi ya floraidi. Ndiyo yanayotia meno rangi ya kahawia, na yakizidi hupinda mifupa ya watoto. Wifi alikuwa akitazama nje, akaniuliza kwa sauti ya chini: je, si maji haya niliyokunywa nikiwa na mimba yake? Sikuwa na jibu siku ile. Tulipofika nikamwomba daktari amweleze mwenyewe, na akamweleza bila haraka. Figo la mtoto hutengenezwa akiwa bado tumboni. Chembe chache zilizopaswa kukomaa hubaki changa, na baadaye huanza kukua bila mpangilio mpaka zinakuwa uvimbe. Kwa watoto walio wengi hakuna kitu ambacho mama alikula, alikunywa au alifanya kinachoweza kunyooshewa kidole. Saratani za watoto haziji kama zile za watu wazima, zinazotanguliwa na miaka ya sigara au pombe. Wifi alisikiliza, akauliza tena, akajibiwa vilevile. Akikuuliza wewe, mjibu hivyohivyo, kwa sababu hatia ni mzigo anaoubeba juu ya ule alionao tayari.

Uvimbe wenyewe huitwa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeuandikia kitabu mwaka 1899. Huwapata hasa watoto wenye umri kama wa wetu, miaka mitatu au minne. Jinsi wifi alivyougusa akimwogesha unajua, na unajua pia kwamba zahanati moja ilitupa dawa ya minyoo na siku zikapita. Jambo ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba huu ni kati ya uvimbe wa watoto unaotibika vizuri zaidi. Katika nchi tajiri, watoto karibu tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Dawa zilianza ili kuupunguza, kisha figo likatolewa pamoja na uvimbe wake, na sasa tuko kwenye dawa za kufagia mabaki. Figo moja lililobaki linatosha kwa maisha yote.

Mkishapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, joto linapanda na yeye huwa analala. Boma Ng'ombe mteremke kujisaidia ikiwa Coaster imesimama. Moshi mjini chukueni bajaji mpaka KCMC. Kilimanjaro ikiwa wazi mtoto ataidai iwe "Meru nyingine", na sisi tumekubali.

Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971, lakini kituo chake cha saratani kilifunguliwa Desemba 2016. Nakuambia haya ili ujue tulivyo na bahati. Zamani familia nyingi za kaskazini zilikuwa hazina njia isipokuwa Dar es Salaam, Ocean Road au Muhimbili, zaidi ya kilomita 600. Muhimbili bado ndiko watoto wengi wa nchi hii wanakotibiwa, na shirika la Tumaini la Maisha, alilolianzisha daktari Trish Scanlan kutoka Ireland, limefanya kazi kubwa kuhakikisha watoto wanatibiwa bila malipo. Hata hivyo, mama wa Arusha akiwa Dar miezi sita, nyumba aliyoiacha nyuma inakaa bila mama miezi sita. Sisi tunalala Moshi siku chache, tunarudi.

Siku ya dawa huwa hivi. Anapimwa uzito, anatolewa damu, halafu mnangoja majibu. Kungoja ndiko sehemu ndefu; chukua kitabu cha picha na kalamu za rangi. Majibu yakija chembe zikiwa chini sana, dawa haitolewi na mnaambiwa mrudi wiki inayofuata. Usikate tamaa siku hiyo wala usiseme mbele yake kwamba nauli imepotea. Wamemlinda. Chembe zikiwa sawa, anawekewa kanula, na hapo atalia. Mshike, mwimbie, usimwambie haiumi, kwa sababu inauma na akishajua umemdanganya safari ijayo hatakuamini.

Dawa mojawapo huitwa vinkristini. Muuguzi alimwonyesha wifi picha ya mmea inakotoka, akashangaa: ni lile ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, asili yake Madagaska, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba, na hapa mtaani lipo. Dawa hiyo inaua chembe za saratani zinapotaka kugawanyika. Inasumbua pia mishipa ya fahamu, ndiyo maana atalalamika taya linauma, atafunga choo, na wakati mwingine atajikwaa. Kila dalili iandike na uiseme kliniki. Usimpe dawa yoyote ya dukani, hata ya maumivu, bila kuuliza.

Wodini utakuta jamii kamili. Kina mama wanajuana kwa majina ya watoto, wanagawana sabuni, mmoja akitoka kwenda kuoga mwingine anamwangalia wake. Kwenye kitanda cha jirani yetu alikuwepo mtoto wa kiume aliyetoka Tanga, upande wa pwani, taya limevimba. Ule wake huitwa uvimbe wa Burkitt. Baba yake, ambaye alikuwa amekaa naye tangu mwanzo, ndiye aliyetusimulia habari niliyokuja kuisoma zaidi baadaye. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari kwa gari kuukuu, karibu maili 10,000 mpaka kusini mwa Afrika, wakipita hospitali kwa hospitali na kuuliza: mtoto mwenye uvimbe wa namna hii mmewahi kumwona? Wakagundua kwamba kwenye miinuko yenye baridi ugonjwa ni adimu, na nyanda za chini zenye joto na mvua ndiko unakoonekana. Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 vinachangia. Burkitt aliona pia watoto waliopona kwa dozi chache tu za dawa, wakati ambapo sehemu nyingi duniani saratani kwa mtoto ilikuwa hukumu. Dada, mambo hayo yalifanyika hapa Afrika Mashariki! Baba yule alikuwa akiyasema kwa fahari, na mtoto wake siku ile taya lilikuwa limeanza kupungua.

Sasa kurudi nyumbani. Siku mbili tatu baada ya dawa atatapika na kukataa chakula. Mtori mwepesi huwa anaupokea, na maziwa yawe yamechemshwa. Sheria moja usiivunje: joto likifika nyuzi 38, usimpe panado ukangoja kupambazuke. Kipimajoto kiko kwenye droo ya kabati. Ni hospitali, saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Jirani mwenye gari ameshasema tumgongee.

Nyumbani, anayehitaji jicho lako zaidi ni kaka yake. Mwalimu alituita kwa sababu alikuwa haandiki kitu darasani. Alianza pia kukojoa kitandani, mtoto wa darasa la tatu. Jioni moja nikiwa namwogesha akaniambia: shangazi, mimi nilimsukuma akaangukia jiwe, ndiyo tumbo likavimba. Alikuwa amelibeba hilo peke yake miezi yote, sisi tukizunguka juu ya kichwa chake na mikoba ya hospitali. Baba yake alimchukua safari iliyofuata, daktari akamweleza yeye peke yake, kama mtu mzima, kwamba kuanguka hakuleti uvimbe na kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Tangu hapo analala vizuri zaidi, na yeye ndiye anayemnyoa mdogo wake nywele zilizobaki, akijinyoa na zake. Ukija, mletee kitu chake mwenyewe, kisiwe cha kugawana.

Kaka yetu hasemi sana. Anafanya zamu za usiku karakana kule viwandani, asubuhi anapitia kumbeba mtoto kabla ya kulala. Genge la wifi linaendeshwa na jirani, na faida anamletea. Kikoba chake kimempa nafasi ya kusogeza marejesho. Baba ameuza ndama. Mama anateremka kutoka Nkoaranga na ndizi na maziwa, anakaa jikoni wala hasemi amechoka. Kwa watoto wadogo kama huyu kuna msamaha wa matibabu katika hospitali za umma, na mengine tumeandikiwa na ustawi wa jamii, lakini nauli, chakula cha anayemsindikiza na siku ambazo genge limefungwa havina msamaha. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapovunjika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nimeona kweli yake: wanaotuombea ni wengi, wanaouliza "safari ijayo ni lini, nauli ipo?" ni wachache.

Wapo pia wanaotushauri tuache sindano tukatafute dawa nyingine. Siwadharau. Unakumbuka mwaka 2011, magari yalivyojipanga kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha shilingi 500? Watu wenye maumivu hufuata tumaini popote linapotajwa. Sisi tumekubaliana hivi: sala zote karibu, jumuiya inakuja kila wiki, lakini siku ya dawa hakuna kinachoisogeza.

Kwa sababu hii ndiyo habari kubwa niliyoipata njiani, dada. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka, na tangu 2018 limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 yao wapone. Huko kwenye uwezo tayari wanavuka asilimia 80. Tofauti haiko kwenye damu ya watoto. Wetu hufika wamechelewa, na wengine huanza tiba halafu hawaimalizi: uvimbe umepungua, mtoto anacheza, nauli imekwisha, mahindi yanataka palizi, mama anaona apumzike. Uvimbe ukirudi, huja mgumu kuliko mwanzo. Muuguzi mmoja alituambia wazi kwamba wiki anazoziogopa ni zile mtoto anapoonekana amepona.

Wetu sasa yuko kwenye wiki hizo. Anakimbia uani, anakula, anagombana. Ndiyo maana nakuhitaji sasa kuliko siku zile za upasuaji ambazo nyumba ilijaa watu. Njoo Jumapili. Jumatatu wifi apumzike na kijana wake, wewe na mimi tumpeleke, na safari ya pili uende naye peke yako. Zungumza na shemeji kabisa kuhusu nauli za mwezi ujao, tuziandike kwenye daftari mbele ya tarehe, jina la mtu na kiasi. Kila sindano iliyoandikwa mle iwe na mtu wa kumsindikiza kabla siku yake haijafika. Hilo liko ndani ya uwezo wetu, na tutalifanya mpaka ya mwisho.



Mdogo wako