Picha ya Faranga Elfu Moja

Wazee wetu walisema, mchumia juani hulia kivulini. Methali hii ni kweli kwa mkulima, na ni kweli kwa mwanafunzi. Lakini nimesoma habari za mtu mmoja aliyechumia juani, na waliokula kivulini wakawa watu wengine. Napenda wasomaji wa gazeti letu waisikie.

Mtu huyo ni Jean-François Millet, mchoraji wa Ufaransa, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1814. Baina ya mwaka 1857 na 1859, alipokuwa akikaa kijijini Barbizon, alichora picha iitwayo Angelus, yaani sala ya Malaika wa Bwana. Ni shamba la viazi wakati wa jioni. Mwanamume na mwanamke wamesimama, wameinamisha vichwa; kikapu kiko chini, na kwa mbali waonekana mnara wa kanisa. Si picha kubwa: upana wake ni kama sentimita 66 tu.

Aliyeiagiza alikuwa Mmarekani, Thomas Gold Appleton, lakini hakuja kuichukua. Mwaka 1860 ikauzwa kwa faranga 1,000, na tangu hapo ikaanza safari ya mkono hata mkono. Mwaka 1881 tajiri wa shaba aitwaye Secrétan aliinunua kwa faranga 160,000. Biashara yake ilipoanguka, picha ikanadiwa tena mwaka 1889, ikafika faranga 553,000. Serikali ya Ufaransa iliitaka, lakini fedha hazikuidhinishwa. Basi ikachukuliwa na Wamarekani, ikavushwa bahari ili ionyeshwe kwao. Mwaka 1890 Alfred Chauchard, mwenye duka kubwa mjini Paris, aliirudisha kwa zaidi ya faranga laki saba. Alipofariki mwaka 1909 aliiacha iwe mali ya taifa, na leo imo katika jumba la Musée d'Orsay.

Millet mwenyewe alikufa mwaka 1875. Katika malaki hayo yote, mjane wake na watoto wake hawakuwa na haki ya kudai hata senti moja.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mama yangu, ambaye husuka mikeka ya ukindu, na karo yangu hutoka humo. Mchuuzi huinunua nyumbani, akaenda kuiuza mjini kwa bei ya juu. Mwanzoni nilisema, mambo ni yale yale. Nilipofikiri zaidi niliona si sawa. Mchuuzi hulipa nauli, naye hupata hasara mkeka ukikosa mnunuzi. Tena mkeka hukaliwa ukachakaa, lakini picha huzidi thamani kila jina la mchoraji linapokua. Jina hilo hakulijenga mnunuzi peke yake. Lilijengwa na mkono uliochora.

Wafaransa nao waliliona jambo hili. Mwaka 1920 walitunga sheria kwamba picha ikiuzwa tena mnadani, sehemu ndogo ya bei impate mchoraji, au warithi wake akiwa amefariki. Huku kwetu Kenya haki kama hiyo iliingizwa katika Sheria ya Hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019. Sheria haimnyang'anyi mnunuzi faida yake. Yasema tu kwamba aliyepanda asisahauliwe siku ya mavuno.

Ndugu zangu wanafunzi, miongoni mwetu wamo wachoraji na wachongaji hodari. Wengi hugawa kazi zao bure, bila jina wala tarehe. Nawashauri waandike majina yao juu ya kila kazi, waweke daftari la aliyenunua na bei aliyotoa, na waijue sheria mapema. Haki isiyo na ushahidi ni kama shamba lisilo na mpaka: kila apitaye hulima atakavyo.