Meza Yang'aa Sebuleni, Fundi Je?

Mwenzangu wa mjini aendapo kununua meza ya mbao ngumu, huigonga kwa kidole, huulizia bei, kisha humlaumu seremala kwa kupenda pesa. Ni wachache mno miongoni mwetu wanaojiuliza gogo lile liligeukaje kuwa ubao. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini wako wanaochumia juani maisha yao yote, na wanaolia kivulini ni sisi.

Mwaka jana upepo uliangusha muhuru wa marehemu babu kule Meru. Huu ni mti wa asili ya sehemu za Mlima Kenya, na mbao zake zasifika sana kwa fanicha. Siku ya pili dalali alibisha hodi. Bei aliyotaja haingetosha hata kumnunulia mpwa wangu vitabu vya chuo. Mama alimjibu kwa upole, "Mwanangu, huu si mzigo wa kuni. Nenda salama."

Tukamwita mjomba, mpasuaji mbao tangu miaka ya 1980. Alianzia kwenye msumeno wa shimo, mmoja akivuta juu ya gogo na mwenzake akivuta chini huku akila vumbi. Baadaye akanunua msumeno wa injini ya petroli, ule tuuitao pawaso mashinani.

Nilidhani kazi hiyo ni ya mabavu tu. Kumbe ni hesabu! Kwanza mjomba aliketi na tupa akayanoa upya meno ya mnyororo. Meno ya kukatia mti kwa kuukingama hunolewa kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi. Ya kupasulia gogo kwa urefu wake hunolewa karibu nyuzi 10, ili yapite polepole na kuacha uso laini. Kisha akachovya uzi katika oili chafu, akauvuta juu ya gogo na kuufyatua. Mstari mweusi ukabaki, umenyooka kama reli.

Nilitaka mbao za inchi 1 ili zipatikane nyingi. Mjomba akatikisa kichwa. Mnyororo wa pawaso hula milimita 8 hadi 10 kila upitapo, kwa hivyo mikato 3 humeza ubao mzima wa inchi 1 ukawa vumbi. Tukapasua mbao pana za inchi 2. Ncha zake tukazipaka rangi zisipasuke, tukazipanga kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na mawe juu zisipinde. Kwa kukadiria, ubao hutaka mwaka 1 kwa kila inchi ya unene ndipo ukauke.

Hayo yote mjomba aliyaeleza kwa sauti ya juu, nami nikamjibu kwa kupiga kelele, maana masikio yake yamekufa. Mngurumo wa mashine hiyo hupita desibeli 100, ilhali sikio huanza kudhurika kelele zikizidi 85 kwa saa nyingi. Alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 bila kinga yoyote.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Nilikuwa nimemletea miwani na vifunika masikio kutoka Nairobi. Akavitundika kwenye ua, akicheka pamoja na wenzake kwamba hivyo ni vya watu wa ofisini. Mjomba hakusikia kicheko, ila alikiona. Alizima mashine, akavichukua, akamvisha kijana kwa mikono yake. "Mjukuu wangu," akasema, "bibi yako huniita mara tatu ndipo nigeuke. Wajukuu wakiniimbia, naona midomo tu." Hakuna aliyecheka tena.

Mbao hazikuondoka shambani mpaka tulipopata kibali cha kuzisafirisha kutoka kwa KFS. Fedha zilizopatikana kwa zile tulizouza zilimlipa mjomba na kumwingiza kijana chuoni. Likizoni yeye hurudi kazini, na vifunika masikio haviachi nyumbani.

Msomaji, ukimwita mpasuaji kwako, usipatane naye bei ya mafuta na mnyororo pekee. Uliza pia juu ya masikio na macho ya yule kijana anayemshikia gogo. Gharama ya kinga ni ndogo kuliko ya mguu mmoja wa meza, na sikio likishakufa hakuna seremala wa kulitengeneza.