Elfu Nane kwa Mbwa

Kwetu Mwabungo ukisema unampeleka mbwa akafungwe kizazi kwa shilingi 8,000, watu watakuuliza kama umepata kazi kwa Mzungu huko Diani. Pesa hiyo ni mbuzi wa akika. Nami ndivyo nilivyomjibu daktari wa mifugo aliponitajia bei, nikarudi na Kipusa wangu nyumbani. Simfugi kwa mapenzi: shamba lisilo na mbwa, nyani na tumbili hawaachi hindi likomae.

Kilichonigeuza ni mtoto wa jirani. Kipusa alikuwa kwenye joto, madume yamekesha uani kwangu yakipigana. Asubuhi dume moja lisilo na mwenyewe likamng'ata mtoto mguuni akienda madrasa. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha mbio hospitali Msambweni. Mbwa asiyejulikana kama amechanjwa humwachii Mungu tu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, halafu siku ya 3, ya 7, ya 14. Nauli za Msambweni nililipa mimi, maana jirani aliniuliza kwa upole kabisa, "Baba Mwanasha, hao madume walifuata nini hapa?"

Na watoto wa mbwa je? Mimba yake ni miezi miwili tu, na Kipusa akizaa ni sita, saba. Uji, dawa ya minyoo, kubembeleza watu wawachukue. Wasiochukuliwa huishia kugongwa barabara ya Lunga Lunga.

Nikarudi kwa daktari, nikamuuliza hiyo elfu nane inaliwa na nini. Hakuudhika. Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo. Jike lazima apasuliwe tumbo, mji wa mimba na vifuko vya mayai vitolewe, ashonwe ndani kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, halafu apewe dawa za maumivu. Dume kazi yake iko nje, ndiyo maana kumhasi ni nafuu. Akanitaka ningoje joto liishe kwanza, kwa sababu wakati huo mishipa ya damu huwa imevimba. Nikangoja, nikawa namtumia pesa kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Kola ya plastiki aliyovishwa Kipusa baada ya upasuaji aliikwangua ukutani hadi ikapasuka. Mke wangu, ambaye mbwa hamgusi kwa kuogopa najisi, akakata fulana kuukuu ya shule, akanirushia kutoka mlangoni: "Mvishe hii, asijilambe." Akakaa nayo mpaka kidonda kikafunga.

Wapo walionambia nimeingilia kazi ya Mungu. Siwabishii, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuchukua mtoto wa mbwa. Jirani yangu yeye ana majike mawili, na anaulizia kambi za bure za kufunga kizazi ambazo mashirika ya wanyama huzifanya Diani mara moja moja. Nimemwambia aandikishe jina mapema, maana joto halingoji kambi.