Thieta Ikiwa na Mkali Mmoja

Msomaji, ikiwa umewahi kufanyiwa upasuaji, huenda jambo la mwisho unalokumbuka ni taa kubwa juu ya uso wako na sauti ya mtu akikuambia uvute pumzi. Yaliyofuata hukuyasikia. Sisi wauguzi wa thieta huyasikia, na si yote ambayo yangekupendeza.

Nimemwona daktari mpasuaji akirusha koleo sakafuni kwa kuwa aliyopewa siyo aliyoitaka. Nimemsikia sista mwenye umri wa mamake akiitwa punguani mbele ya wanafunzi. Daktari mwanagenzi akishatukanwa, humgeukia muuguzi. Muuguzi naye humgeukia mwanafunzi. Wa mwisho hana wa kumgeukia, huenda akalia chooni.

Utaambiwa kazi hii ni ya kufa na kupona, hakuna nafasi ya kubembelezana. Kweli, damu ikiruka hakuna asemaye tafadhali. Daktari akifoka "Makasi!" mimi sikasiriki hata kidogo. Lakini kufoka kwa haraka ni kitu kimoja, na kumvunjia mtu heshima ni kingine kabisa.

Ubaya wake nitakueleza. Kabla ya tumbo kufungwa, muuguzi huhesabu vitambaa vya kufyonza damu, sindano na vyuma vyote. Hesabu sharti ilingane na ya mwanzo. Siku moja kitambaa kimoja kilipungua. Nikasema. Daktari akajibu kwamba sijui kuhesabu, akaendelea kushona. Nikahesabu tena, nikasema tena, sauti ikinitetemeka. Akanitukania shule niliyosomea. Bahati nzuri daktari wa nusukaputi aliniunga mkono, tukatafuta. Kitambaa kilikuwa tumboni, nyuma ya utumbo. Hakuna aliyenitaka radhi, na mwezi uliofuata jina langu lilijaa zamu za usiku.

Sasa jiulize, lau aliyehesabu angekuwa msichana wa wiki ya pili kazini, aliyetukanwa asubuhi hiyo hiyo, angethubutu kusema mara ya pili?

Mnamo 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali za miji 8, mmojawapo Ifakara, Tanzania. Vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Miongoni mwa mambo yaliyomo, kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani hutaja jina na kazi yake. Wengine hucheka wakiona ni mchezo wa watoto. Mimi naona aliyekwisha kufungua kinywa mara moja hapati taabu sana kukifungua tena.

Wala usidhani ni ugonjwa wetu Waafrika. Huko Australia, chama cha wapasuaji kilipowauliza wanachama wake mwaka 2015, karibu nusu walisema wamewahi kubaguliwa, kuonewa au kusumbuliwa kimapenzi. Chama kiliomba radhi hadharani.

Kuhusu huo usumbufu wa kimapenzi, sheria yetu ya makosa ya kingono ya 2006 inasema mkubwa anayeendelea kumtaka mtu asiyemtaka anaweza kufungwa miaka isiyopungua 3 au kutozwa faini isiyopungua Sh100,000, au yote mawili. Sheria ya ajira ya 2007 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na mwongozo ulioandikwa kuhusu jambo hilo. Uliza ulipo. Mara nyingi umefungiwa kabatini.

Nawe mzazi mwenye mwana katika chuo cha uuguzi, akirudi nyumbani kimya kila siku usidhani ni uchovu tu. Mpe daftari aandike tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Na asiende ofisini peke yake. Mwenzangu mmoja alikwenda peke yake akaambiwa thieta ndivyo ilivyo. Tulipokwenda watatu, tulipewa viti na matroni akachukua kalamu.